Unajiuliza kama una usonji na uko mbali na Mombasa? Anzia nyumbani kabla ya kwa dokta

Wengi wetu hili swali linatuingia kwa njia ya mtoto. Shule ya Birmingham au Minneapolis imesema mtoto apimwe, ripoti imekuja, unaisoma usiku watu wamelala na kila ukurasa unaona kama wanakusema wewe. Usonji, ile wanayoita autism, unarithiwa sana kwenye familia kwa hiyo si ajabu. Wengine ni kazini, supavaiza amekuita tena kukwambia wenzako wanakuona mkali na wewe wallahi hujui umekosea wapi, uliulizwa kitu ukajibu. Wengine ni video, umeangalia moja simu ikakuletea zingine mia sasa hata usingizi hupati.

Shida yetu sisi tulio nje ni kwamba ugeni wenyewe unafanana na dalili. Unachoka kukaa na watu, nani hachoki akishinda siku nzima anaongea lugha ya tatu? Hushiki masihara ya ofisini, hupendi kutoka, huna marafiki, unataka kila kitu kiwe vile vile ulivozoea, mtu yeyote aliyetoka Kisauni akatupwa kwenye baridi na shifti za usiku anaweza kuwa hivo bila usonji wowote. Na dokta wa huko anaweza kukosea pande zote mbili, aone ugeni tu aukose usonji uliopo, au aone usonji mahali ambapo ni adabu tu ulizofunzwa.

Kwa hiyo mimi nawaambia watu, usijipime na London, jipime na Mombasa. Usonji hauanzi ukubwani, ni vile ubongo umejengeka tangu mwanzo. Kitabu wanachotumia madokta wa Marekani kutambua magonjwa ya akili na hali za ubongo, DSM-5 ya 2013 iliyorekebishwa 2022, kinataka dalili ziwe zilikuwepo tangu utotoni, ila kinakubali zinaweza zisionekane wazi mpaka mambo ya maisha yazidi uwezo wa mtu. Manake kama matatizo yote yalianza ndege ilipotua, angalia kwanza stresi, huzuni, upweke, mambo mabaya uliyopitia. Lakini kama ulikuwa hivo hivo Majengo ukiwa na miaka minane, kwa lugha yako, kati ya watu wako, basi endelea kusoma.

Na Mombasa ni mahali pazuri sana pa kujipimia, manake watu wetu hawasemi kitu moja kwa moja. Shangazi akiwa na neno na wewe haji kukwambia, anavaa leso yenye maandishi ya kukusema anapita mbele yako. Jirani anakwambia karibu tule na kila mtu anajua saa gani hiyo karibu ni ya kweli na saa gani ni heshima tu unatakiwa useme ahsante nshakula. Je wewe ulikuwa unajua? Au ulikuwa unakaa kweli, unakula, alafu mama anakufinya mkifika nyumbani na mpaka leo hujaelewa kosa? Zile salamu ndefu, habari za nyumbani, za wazee, za watoto, zilikuwa zinakutoka zenyewe au ulizihifadhi kama sura ya madrasa, na mtu akibadilisha mpangilio unakwama? Wenzako wakicheza kalongolongo, huyu baba huyu mama, ulikuwa ndani ya mchezo au ulikuwa pembeni unapanga vifuniko vya soda kwa rangi?

Alafu kuna mambo ya mwili, haya watu wanayasahau kabisa wakidhani usonji ni mambo ya kuongea peke yake. Kelele, harufu, mwanga, nguo. Mziki wa matatu ulikuwa unakuumiza au unakukera tu kama unavomkera kila mtu? Kusukumana kwenye feri ya Likoni asubuhi, harufu za Marikiti nyama na samaki na viungo zote pamoja, kola ya kanzu ya Idi inayokwaruza shingo, mchuzi ukigusa wali unashindwa kula. Arusi ulikuwa unaenda au unajificha juu darini mpaka ngoma ziishe? Kitu kimoja kati ya hivi si hoja, kila mtu ana chake. Kinachotafutwa ni mkusanyiko wa mambo ambao umekufuata miaka yote na umekugharimu: shule, kazi, ndoa, afya.

Kuna watu Mombasa ilikuwa inawabeba bila wao kujua, na hili nalipa uzito sana. Swala tano, chakula saa ile ile, Ijumaa inajulikana, dada mkubwa anakujibia wageni, binamu anakuambia vaa hii sema hivi. Maisha yalikuwa na ratiba na wakalimani wa bure. Unahamia Toronto unakaa peke yako kwenye chumba, vyote vimeondoka siku moja, ndo unaanguka, na watu wanasema ulaya imemharibu. Haijamharibu mtu, imemuondolea magongo tu. Wanawake hasa, manake msichana wetu anafunzwa tangu mdogo kukaa vizuri, kutabasamu, kumuiga fulani, kwa hiyo anajificha vizuri sana na anagunduliwa akiwa mtu mzima au hagunduliwi kabisa. Huko kujificha kunachosha kupita maelezo na sasa kuna fomu ya kukupima, inaitwa CAT-Q, maswali 25.

Tukiwa kwenye fomu. Zilizoko onlaini bure ambazo ni za kweli ni AQ yenye maswali 50 iliyotoka Cambridge 2001, mtoto wake AQ-10 yenye maswali 10 ambayo Uingereza inatumika kuamua nani apelekwe mbele (alama 6 kwenda juu unastahili kufikiriwa kupelekwa), na RAADS-R yenye 80. Zingine hizi za jua aina yako ya ubongo kwa picha achana nazo. Hata hizo za kweli hazikupi jibu, wasiwasi mwingi peke yake unaweza kupandisha alama zako. Na ujue ziliandikwa na watu wa mazingira mengine, unaulizwa kama unapenda maktaba kuliko pati wakati wewe maisha yako yote hukuwahi kuulizwa kama unapenda, arusi ya binamu unaenda tu utake usitake. Jibu vile unavyohisi ndani, sio vile unavyofanya kwa sababu utasemwa.

Sasa ushahidi. Wapimaji wengi wanataka mtu aliyekujua utotoni, na huyo yuko Mombasa, na hapa ndo watu wanakwama kwa sababu wanapiga simu wanamuuliza mama, eti nilikuwa na usonji? Usifanye hivo. Atasikia unamwambia alikuzaa na kasoro au hakukulea vizuri, na simu itaishia kwenye dua na machozi. Uliza vitu vidogo, kwa voisi noti, moja moja, siku tofauti, kama mazungumzo ya kawaida. Mama, nilianza kusema lini? Nilikuwa nacheza na nani? Nilikuwa nakataa kula nini? Nilikuwa nalia lini bila sababu? Zile hadithi za kuchekesha zinazorudiwa kila Idi kuhusu wewe, andika zote. Kama mama hayupo tena, Mungu amrehemu, jaribu khalati, dada, jirani wa mlango wa pili, ustadh wako. Mwambie mtu apige picha ripoti fomu za shule kama zipo kwenye lile sanduku, kile kimstari cha mwalimu, mkimya, hachangamani, anaota ota darasani, kina thamani kubwa kuliko maksi. Na kama hutaki nyumbani wajue chochote ni haki yako, mtu mzima anaweza kupimwa bila jamaa, mwambie mpimaji mapema tu.

Njia yenyewe inategemea uko wapi. Uingereza unaanza kwa GP, yule dokta wako wa kawaida wa mtaani, nenda na karatasi moja yenye mifano yako na AQ-10 uliyojaza, usiende kuhadithia manake dakika ni kumi na utatoka na dawa ya usingizi. Foleni za NHS, hospitali za serikali, ni ndefu sana, ila kama uko England kuna kitu kinaitwa Right to Choose, unamwambia GP akupeleke kwa mtoa huduma mwingine mwenye mkataba na NHS na hulipi. Scotland na Wales haipo. Mkalimani ni haki yako bure, hata kama kizungu chako cha kazini ni kizuri, kueleza utoto wako ni kitu kingine, na usimtumie mumeo wala mwanao kukalimani, kuna maneno hutayasema mbele yao. Marekani pigia bima kwanza uulize ni nani kwenye orodha ya madokta wanaowalipia anayepima watu wazima, wengi wanapima watoto tu, na ukiona bei haishikiki ulizia kliniki za vyuo vikuu ambako wanafunzi wa saikolojia wanapima chini ya walimu wao. Kanada watu wazima wengi wanaishia kwa mwanasaikolojia wa kulipia na ni maelfu ya dola, lakini pita kwa dokta wako wa kawaida kwanza, saikayatrist, yaani dokta wa akili, anaweza kulipwa na mkoa.

Mlioko Ghuba nawaambia tofauti. Kama viza yako iko mikononi mwa mwajiri, usipitie hospitali ya kampuni kwa jambo hili kabla hujajua nani anaona faili lako. Subiri likizo upimwe nyumbani, au ongea na mtaalamu wa Kenya kwa video, na umuulize leseni yake na kama ameshapima watu wazima. Na popote ulipo, kama bado una maombi ya makazi, hasa Australia na New Zealand ambako gharama za afya zinaangaliwa kwenye viza, ongea na wakili wa uhamiaji kabla. Sisemi udanganye kwenye fomu, usidanganye, nasema ujue unachoingia.

Siku ya kupimwa mwambie mpimaji wazi wazi kwamba kwetu kumkodolea mkubwa macho ni utovu wa adabu, ili asihesabu hilo kama dalili, alafu mwambie kama hata na watoto wenzako macho yalikuwa yanakushinda, hiyo ndo habari anayoitaka. Usivae ile sura yako ya intavyuu ya kazi. Kama kuna kitu unafanya ukiwa peke yako, kutikisa mguu, kusugua ukingo wa leso, usijizuie.

Kuna wa nyumbani watakaokwambia ni jini au jicho. Utafiti uliochapishwa 2015 kuhusu pwani ya Kenya ulikuta majibu ya aina hiyo, uchawi, mapepo, laana, pamoja na yale ya hospitali, kwa hiyo usishangae wala usigombane nao. Kusomewa dua ukiona inakutuliza, soma. Lakini mtu akitaka hela akutoe usonji, awe mganga wa Kwale au muuza vidonge wa Florida, ni mwizi yule yule, hakuna dawa inayouondoa. Kinachotibika ni vile vinavyokuja nao, wasiwasi, huzuni, kukosa usingizi. Na kama unafikiria kujidhuru usisubiri foleni yoyote, Marekani na Kanada piga 988, Uingereza Samaritans ni 116 123, usiku wa manane wanapokea.

Wakati unangoja jibu anza kujirahisishia, huhitaji cheti kuvaa hedifoni kwenye basi wala kumwomba bosi akuandikie maagizo kwa meseji badala ya kukwambia ukitembea. Uingereza sheria ya usawa ya 2010 inaangalia hali yako inakuathiri vipi, sio kama una karatasi, ingawa karatasi inapunguza mabishano.

Majibu yakiwa hapana, usitoke kwenye chumba bila kuuliza, basi ni nini? Inaweza kuwa ADHD, ile shida ya kutulia na kushika umakini, inaweza kuwa kiwewe cha zamani, inaweza kuwa vyote, na unastahili kupelekwa huko sio kuambiwa kwaheri. Yakiwa ndiyo, omba ripoti nzima sio barua ya mstari mmoja, hakikisha ina jina la vipimo vilivyotumika, sahihi na namba ya leseni ya aliyekupima, alafu weka nakala kwenye barua pepe yako mwenyewe, sio ya kazini, manake ukihama nchi au ukirudi Mombasa faili la huko halitakufuata.