Ukitaka Kuandika Historia ya Mtaa wa Maduka ya Kale

Baba yangu alikuwa fundi cherehani kwenye veranda ya duka la Mhindi hapa Kisumu, kwa hiyo ule mtaa wa maduka ya kale naujua tangu nikiokota vipande vya vitambaa sakafuni. Miaka mitatu sasa naandika historia yake. Ukitaka kuandika ya mtaa kama huo, fanya hivi.

Anza kwa miguu, Jumapili asubuhi, maduka yakiwa yamefungwa. Tazama juu ya mabango. Wenye majengo wengi walichonga jina na mwaka wa ujenzi pale juu ya ukuta wa mbele, mahali ambapo rangi za kampuni za simu hazijafika. Nakili kila herufi na upige picha. Majengo haya yanavunjwa.

Kisha soma kabla ya kuuliza. Reli ilifika hapa tarehe 20 Desemba 1901, kituo kikiitwa Port Florence. Lakini usiandike kwamba kila Mhindi ni mjukuu wa kibarua wa reli. Vibarua walioletwa kutoka India walikuwa takriban 32,000, wengi wao wa Punjab. Karibu 2,500 walifia kazini, na wengi wa waliosalia walirudi kwao. Wenye maduka wengi walijileta wenyewe kutoka Gujarat na Kutch, kama Allidina Visram, aliyetapakaza maduka kando ya reli na hadi Uganda. Na ukitafuta karatasi za kabla ya Aprili 1902, zitafute chini ya Uganda, kwani Kisumu ilikuwa upande huo.

Kuuliza watu ndiko kugumu. Mara ya kwanza niliingia dukani na daftari na simu inayorekodi. Mzee akanyamaza, alidhani nimetumwa na watu wanaotaka ploti yake. Nilirudi baada ya wiki na mkasi wa baba tu, nikauweka kauntani. Akaushika, akaugeuza, akauliza, "Wewe ni binti wa fundi?" Tulizungumza mpaka adhana ya alasiri. Basi nenda na kitu mkononi, maswali yatafuata. Usimuulize mtu mwaka. Muulize kama ilikuwa kabla au baada ya zile mvua kubwa za 1961, duka liliuza nini, nani aliondoka Uhuru ulipokuja na nani alibaki. Miaka utaipanga mwenyewe usiku.

Nakusihi jambo moja: usiishie kwa mwenye duka. Uliza nani alikaa verandani, nani alibeba magunia, nani alipika kule nyuma. Majina yao hayakuchongwa ukutani. Yule mzee alifumba macho akahesabu cherehani kuanzia mlangoni: wa kwanza alitoka Maragoli, wa pili Yimbo, wa tatu Mganda aliyeshona kanzu, wa nne baba. Nimewaandika wote, kwa mpangilio waliokuwa wameketi.