Kuanza Kuvua Samaki Ukiwa Pwani Nchini Uingereza

Wengi huanza kwa kununua vifaa, lakini mimi hushauri kwamba kinachofaa kutangulia ni kuyajua maji ya mahali unapokusudia kuvua. Idara ya hidrografia (upimaji wa bahari) ya Uingereza hutoa bure kwenye intaneti, kupitia huduma ya EasyTide, saa za kujaa na kupwa kwa maji katika bandari nyingi. Hakikisha kwanza kama saa hizo ni za Greenwich, kwa kuwa majira ya joto saa za nchi huwa zimesogezwa mbele kwa saa 1. Mtu aliyezoea bahari ya Mombasa, ambako tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi cha kawaida, ni takriban mita 4, lazima ajue kwamba katika Bristol Channel, mkono wa bahari ulio kati ya Wales na kusini-magharibi mwa England, tofauti hiyo huweza kukaribia mita 14. Maji hayo huja kwa kasi na huweza kumzunguka mvuvi aliyesimama kwenye fungu la mchanga kabla hajatambua. Kwa siku ya kwanza, fika muda wa saa 2 hivi kabla ya maji kujaa, wakati samaki wanaposogea ufuoni kutafuta chakula, na usiende peke yako.

Hatua ya pili ni kuchagua mahali. Gati linaloruhusu uvuvi, au ufuo wa mchanga wenye mteremko mdogo, humfaa mwanafunzi kuliko miamba. Chesil Beach huko Dorset inasifika kwa samaki, ila kokoto zake zimeinama sana na mawimbi yake ni makali, kwa hiyo iache mpaka siku ya bahari tulivu.

Sasa vifaa. Kwa ufuo, ufito wa takriban mita 3.6, rili (kifaa cha kukunjia mshipi) imara, mshipi unaohimili uzito wa pauni 15 na chubwi, yaani kizito cha kuzamisha ndoana, ya aunsi 5 au karibu gramu 140, vinatosha. Jambo ambalo halina mjadala ni kipande cha mshipi mnene kinachofungwa kati ya mshipi wa kawaida na chubwi, kwa sababu mshipi mwembamba ukikatika wakati wa kurusha, chubwi huruka kama risasi na huweza kuua mtu. Kanuni ya wavuvi ni pauni 10 za nguvu kwa kila aunsi ya chubwi, kwa hiyo chubwi ya aunsi 5 inahitaji mshipi usiopungua pauni 50, na urefu wake utoshe kuzunguka rili mara kadhaa, kupita ufito wote na kuifikia chubwi. Tazama nyuma yako kila mara kabla ya kurusha.

Chambo cha kuanzia ni minyoo ya mchangani, inayouzwa katika maduka ya wavuvi; mpitishe mnyoo kwenye ndoana namba 1 au 2 hadi juu, ukiacha ncha wazi. Ukiwa gatini majira ya joto vibua wanapokaribia pwani, tumia ndoana 3 zilizofungwa manyoya, si 6, kwa kuwa samaki wengi kwa mkupuo mmoja humlemea anayejifunza.

Ukivuta samaki mdogo mwenye pezi jeusi mgongoni, usimshike kwa mkono mtupu, kwani huenda akawa wiva, ambaye miiba yake ina sumu. Akikuchoma, tumbukiza kidonda katika maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, na tafuta matibabu.

Kuvua baharini kwa ufito ukiwa pwani hakuhitaji leseni ya jumla katika England, Wales na Scotland, ingawa salmoni na trauti wa baharini wana sheria zao. Samaki aitwaye besi asiyefikia sentimita 42 lazima arudishwe majini akiwa hai, na idadi unayoruhusiwa kuchukua kwa siku, pamoja na miezi yake, hubadilishwa na serikali mara kwa mara, kwa hiyo isome kwenye tovuti yake kabla ya kila msimu.