Kasuku wako akijinyonyoa manyoya, andika saa

Siku ya kwanza nilidhani paka kaingia. Asubuhi ya Jumamosi trei ya tundu ilikuwa imejaa manyoya ya kijivu, madogo madogo ya kifuani, yamechanganyika na yale laini kama pamba ya mto. Tunu yuko juu ya kijiti chake, ananitazama kwa jicho moja, na kifuani ana kipara cha ukubwa wa sarafu ya baisa hamsini. Paka hakuwepo.

Tunu ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, jamii ya wale wa misitu ya Kongo. Alikuwa wa bibi yake mke wangu hapa Maskati, mtaa wa Ruwi. Bibi alizaliwa Unguja na hakukiacha Kiswahili hata siku moja, kwa hiyo ndege naye ni Mswahili: mlango ukigongwa anauliza "Nani huyo?", na kikohozi cha Bibi anacho vilevile kilivyokuwa. Bibi alipofariki tukamchukua sisi. Wiki ya sita akaanza. Mimi ni mtu wa Mombasa, fundi wa viyoyozi, wala si daktari wa ndege. Nilikosea mengi mwanzoni, na makosa yangu Tunu ndiye aliyeyalipa, kwa ngozi yake.

Kabla ya yote, hakikisha ni kujinyonyoa kweli. Kasuku mzima hupukutisha manyoya na kuota mapya, na mtu mgeni huingiwa na hofu bure. Unyoya uliopukutika wenyewe huanguka mzima, na pale ulipotoka hapabaki ngozi tupu kwa sababu mwingine unachomoza, umevikwa ala kama kijiti cha kibiriti. Anayejinyonyoa huacha ngozi wazi, na manyoya mengine utayakuta yametafunwa katikati. Kisha mtazame kichwa. Mdomo wa ndege haufiki kichwani mwake mwenyewe. Kichwa kikiwa kizima na kifua kipara, anayefanya ni yeye. Kichwa nacho kikiwa na vipara, ama ana mwenziwe anayemnyonyoa, ama ni maradhi. Kuna virusi vinavyokula manyoya na kuharibu mdomo wa kasuku, na hapo usingoje hata wiki.

Hata kichwa kikiwa kizima, daktari ndiye wa kwanza. Mimi nilianzia dukani. Muuza duka akaniambia, "Chawa hao," akaniuzia dawa ya kupulizia, nikapoteza wiki mbili na ndege akazidi kuwashwa. Kasuku anayeishi ndani ya nyumba ni nadra kuwa na chawa au utitiri. Tafuta daktari anayewajua ndege. Hapa wa mbuzi na ngamia ni wengi, wa kasuku unauliza mpaka umpate. Nenda na picha ya trei ya asubuhi, video ya simu akiwa anajinyonyoa, na mfuko wa chakula chenyewe. Atapima kinyesi na damu. Ini likiwa bovu, ngozi ikiwa na maambukizi, tumbo likiwa na vimelea, vyote hivyo huweza kuishia kwenye manyoya. Atauliza pia kuhusu tundu: waya uliopakwa zinki, ndege akiutafuna kila siku, humtia sumu pole pole. Ataangalia na mbawa, maana zikiwa zimekatwa ovyo, vile visiki humchoma ubavuni naye hubaki kuvitafuna.

Ndugu yangu wa Mombasa ana kasuku kama huyu na aliogopa kwenda kwa daktari kwa sababu ya karatasi. Sheria ya Kenya inataka kibali, ndiyo. Mwaka 2022 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, iliwapa wenye kasuku wa kijivu siku 90 za kuwasajili bila kushtakiwa, naye akaziacha zikapita. Nilimwambia aende KWS aulize afanye nini sasa, kuliko kumficha ndege chumba cha nyuma. Kufichwa huko pekee kunatosha kumfanya ajinyonyoe.

Tunu hakukutwa na maradhi isipokuwa kalisi, madini ya mifupa, iko chini, jambo la kawaida kwa kasuku wa kijivu aliyelelewa kwa alizeti tupu. Nikadhani tumemaliza. Daktari akaniuliza: "Anajinyonyoa saa ngapi?" Sikujua. Akanirudisha nyumbani na kazi ya siku kumi na nne: andika saa, nani yuko chumbani, nini kinawaka, na nini kilitokea kabla.

Nilitumia daftari langu la kazini. Kurasa zake ziko hivi:

Jumatatu, saa 10 na dakika 15 alasiri. Hakuna mtu sebuleni. Dakika ishirini. Kifua.
Jumatatu, saa 3 na nusu usiku. Watu watatu, televisheni. Kiyoyozi 20. Bawa la kushoto.
Jumanne, saa 10 na dakika 5. Hakuna mtu. Kifua.
Jumanne, asubuhi yote: hakuna kitu. Anaimba.

Nisipokuwepo niliegemeza simu ya zamani kwenye rafu irekodi. Siku ya tano mke wangu akalisoma daftari mara moja tu, akanyamaza, akasema, "Saa kumi ndiyo saa ya kahawa ya Bibi." Kila alasiri kwa miaka kumi na saba Bibi aliketi na Tunu mkononi, akimpa kipande cha tende. Huku kwetu saa hiyo nyumba ni tupu. Kwa hiyo tulikuwa na mambo mawili yasiyohusiana, la alasiri na la usiku, na mimi nilikuwa nikitafuta dawa moja.

La usiku lilikuwa aibu yangu. Kazi yangu ni kuvuta maji hewani. Kiyoyozi hupitisha hewa kwenye koili baridi, unyevu unageuka matone, matone yanateremka kwenye bomba hadi nje. Weka ndoo chini ya bomba lako usiku mmoja wa kiangazi. Yangu ya lita kumi ilijaa kabla ya alfajiri. Maji yale yote yametoka kwenye hewa anayoivuta ndege. Nilikuja na kipimo changu cha unyevu: barazani asilimia 74, ndani karibu na tundu 36. Na tundu nilikuwa nimelitundika palepale chini ya mdomo wa kiyoyozi, nikidhani namstarehesha. Ndege wa msituni, ngozi imekauka, inamwasha, afanyeje?

Nililihamishia ukuta wa pili, nikaelekeza vibao vya kiyoyozi juu, nikapandisha joto hadi 26. Kisha maji. Chukua chupa ya kupulizia mpya kabisa, isiwe iliyowahi kutiwa dawa ya madirisha. Maji ya vuguvugu, bila sabuni, bila chochote. Usimlenge. Pulizia juu yake ili ukungu umshukie kama manyunyu, asubuhi, apate kukauka kabla ya usiku. Tunu siku ya kwanza alipiga kelele nikaona majirani watakuja. Nikaacha chupa, nikaosha fungu la mchicha nikaliweka juu ya tundu likiwa linadondoka. Alilizunguka, akaligusa kwa mdomo, halafu akaingiza kichwa na kuanza kujisugua kwenye majani, kifua, mbawa, mpaka akawa kama kitambaa cha kudekia. Wiki ya pili aliikubali chupa. Sasa ni mara nne au tano kwa wiki. Kasuku wa kijivu mwenye afya hutoa unga mweupe unaobaki kwenye nguo nyeusi. Unga huo uliporudi begani kwangu nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa unyoya wa kwanza.

Mama mkwe alinishauri tangu mwanzo: "Mpake mafuta ya nazi mwanangu, ngozi hiyo imekauka." Kumkatalia mkwe si jambo jepesi. Nikamwambia, "Mama, manyoya yakilowa mafuta hayashiki joto tena, na yeye atayalamba yote." Akakubali kwa shingo upande. Basi na wewe usipake mafuta, wala siki, wala pilipili ya kumkomesha. Ndege hasikii ukali wa pilipili. Tunu hula pilipili mbuzi kama mtu anavyokula zabibu.

Lakini mama mkwe ndiye aliyetatua la alasiri. Yeye husuka ukili. Nilimwomba, badala ya kusukia chumbani kwake, asukie sebuleni baada ya sala ya Alasiri, tundu likiwa wazi. Tunu akashuka mwenyewe, akachukua jani la mtende lisilotiwa rangi, akalichana nyuzi nyuzi kwa dakika arubaini. Kasuku wa porini hutumia sehemu kubwa ya siku kutafuta chakula na kutafuna. Wa nyumbani anapewa bakuli lililojaa, anamaliza kwa robo saa, kisha mdomo unabaki hauna kazi. Basi mpe kazi. Usinunue vitu vya kuchezea vya plastiki vya bei kubwa. Makumbi ya nazi, kifuu chenye tundu kilichofichwa punje mbili za lozi, gunzi la mahindi, boksi lisilo na wino mwingi, karatasi iliyokunjwa ndani yake kuna kipande cha karoti. Badilisha kila baada ya siku chache. Akiogopa kitu kipya, kiache mbali naye siku mbili, kisha kisogeze.

Chakula nitakisema kwa ufupi kwa sababu daktari wako atakupangia. Alizeti iwe zawadi, isiwe mlo. Chakula maalumu cha kasuku cha chembechembe, boga, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mboga za majani, embe kidogo. Parachichi marufuku, linaua. Chokoleti, kahawa na vya chumvi vilevile. Usigeuze kwa siku moja, kasuku anaweza kukaa na njaa kwa ukaidi. Sisi tulitumia wiki saba, na kila asubuhi nilimpima kwenye mizani ya jikoni: gramu 432 mwanzoni. Akipungua sehemu moja ya kumi, mrudishe kwa daktari. Jua la asubuhi la kweli humsaidia kutumia kalisi, kwa hiyo mtoe barazani ndani ya tundu, nusu kivulini; jua la kupitia kioo cha dirisha halimfai kwa hilo.

Moshi pia. Kwetu sisi nyumba bila udi si nyumba, lakini siku za udi Tunu huhamia chumba kingine na mlango unafungwa. Sufuria za "non-stick", zisizogandisha chakula, ni hatari zaidi: zikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke usioonekana, na ndege hufa kwa dakika chache. Tumezitoa jikoni zote.

Halafu kelele zetu. Mwanangu alikuwa akimwona anajinyonyoa anapaza sauti, "Tunu, acha!" Baada ya siku kumi Tunu alikuwa anasema mwenyewe "Tunu, acha!", anang'oa unyoya, anageuka kutazama nani anakuja. Tulimfundisha kwamba kipara huleta watu. Akijinyonyoa, usimkimbilie wala usimkemee. Mwendee anapochezea gunzi, anapoimba, anapojisafisha kawaida. Na ukimkuna, mkune kichwani na shingoni tu. Kumpapasa mgongo na chini ya mbawa humtia hamu ya kujamiiana asiyoweza kuimaliza, na hiyo nayo huishia kwenye manyoya.

Wengi wataniambia mbona usimnunulie mwenzake. Kwanza mwenzake anaweza kumnyonyoa zaidi, au kujifunza tabia ileile. Pili, tangu mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, wa mwaka 2016 kule Johannesburg, kasuku wa kijivu yumo kwenye orodha ya juu kabisa, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Wa bei rahisi asiye na karatasi, ujue alivyofika.

Kola ya shingoni ni ya daktari, kwa ndege anayejijeruhi nyama. Humzuia mdomo, haimwondolei sababu. Unyoya unaochipua ukivunjika hutoka damu nyingi, maana una mshipa ndani. Bana kwa kitambaa safi na unga laini wa mahindi, na damu isipokata kwa dakika chache kimbia hospitali.

Kuhusu muda, manyoya yaliyong'olewa yalianza kuchomoza mwezi wa pili. Yaliyotafunwa hubaki visiki mpaka zamu yao ya kupukutika ifike. Na vishimo vya ngozi ambamo manyoya yameng'olewa mara nyingi huweza kufa; Tunu ana sehemu kama kidole gumba chini ya koo ambayo haijaota na nadhani haitaota.

Mwaka huu Ramadhani alirudia. Siku ya nne nikaona manyoya mawili kwenye trei, siku ya sita yakawa saba. Safari hii sikwenda dukani, nilifungua daftari. Kasuku anahitaji giza na utulivu kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili kila usiku, na sisi tulikuwa tunakesha hadi daku, taa zote zinawaka. Nikalihamishia tundu chumba cha mama mkwe, shuka jeusi juu, saa mbili usiku mlango umefungwa. Usiku wa kwanza nilipita nje kuelekea Tarawehe, kiatu kikagonga mlango, na kutoka gizani sauti ya Bibi ikauliza, "Nani huyo?"