Mikopo ya asilimia 10: namna ya kuwaeleza watu utaratibu mpya

Mwaka wa fedha ukianza Julai, maafisa maendeleo ya jamii wa kata tunaandika malengo, na lengo lipendwalo kuliko yote ni "kufanya mikutano minne ya uhamasishaji". Linapendwa kwa sababu halishindwi. Ukiitisha mkutano wakaja wazee sita na mbuzi wawili, umefanya mkutano. Lifute. Andika badala yake kitu ambacho hata mama muuza nyanya anaweza kukukagua nacho: kati ya vikundi vilivyokopa katani, vingapi vinarejesha kwa wakati kufikia Juni 30?

Unajua tulikotoka. Mikopo hii ya halmashauri za Tanzania, inayotengewa asilimia 10 ya mapato yao ya ndani (4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu), ilisitishwa Aprili 2023, baada ya taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Ikarudi 2024 kwa utaratibu mwingine. Huko mitaani lakini, wapo waliosikia "imefungwa" wakaishia hapo, na wapo wanaoamini hela ya serikali hairudishwi. Makundi haya mawili utayakuta kwenye mkutano mmoja.

Kwa hiyo usianzie mkutanoni. Anza na wenyeviti wa mitaa na watendaji wao, maana mtu akitoka kwako bila kuelewa, anakwenda kumuuliza mwenyekiti, na mwenyekiti asiyejua hakubali kuonekana hajui. Atajibu tu. Wape maelezo siku moja kabla, na uwaachie maswali matano yanayoulizwa zaidi pamoja na majibu yake kwenye karatasi moja. Diwani naye asisikie habari hii mara ya kwanza akiwa ameketi meza kuu.

Ukifika mkutanoni, waambie kwanza hela inatoka wapi. Watu wengi hawajaambiwa kwamba hiyo ni sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri: ushuru wa soko wanaolipa wao, ushuru wa mazao, leseni za biashara. Mimi huwaeleza hivi: "Mama, ile risiti yako ya soko imo humu. Kikundi kisiporudisha, kimekaa na ushuru wako." Minong'ono ya "hela ya serikali" hupungua hapo hapo.

Kisha piga hesabu mbele yao. Tuseme kikundi cha watu watano kimekopa milioni 5, hakuna riba, na kinarejesha kwa miezi 10. Hiyo ni laki tano kwa mwezi, yaani laki moja kwa kila mwanachama, zaidi kidogo ya elfu tatu na mia tatu kwa siku. Waulize: biashara mnayoifikiria inaingiza faida hiyo kila siku, hata msimu wa mvua? Wengine watapunguza kiasi wanachotaka kuomba. Hayo ni matokeo kabla hata fomu haijajazwa, na ndiyo maana hesabu hii nisingeikatiza hata mgeni rasmi akiwa na haraka.

Kuhusu mfumo wa kielektroniki, usifundishe watu mia moja kwa kipaza sauti. Sema tu kwamba maombi yanapita humo, kisha panga siku ya viongozi wa vikundi kuja na vitambulisho, katiba ya kikundi na simu zao.

Swali gumu ni "hela inatoka lini?" Kama tarehe huijui, usiseme "hivi karibuni". Sema: "Tarehe sijapewa. Ijumaa ya wiki ya pili ya mwezi ujao nitabandika jibu hapa ofisini, hata kama jibu ni bado." Halafu siku hiyo ubandike kweli, hata kama ni neno hilo moja tu.

Kwenye ubao huo huo weka jedwali la marejesho: jumla ya vikundi vilivyokopa, vinavyokwenda na ratiba, vilivyochelewa. Majina ya wadaiwa usiyaweke. Aibu ya ubaoni hufanya watu wakwepe ofisi, na mtu anayekukwepa hakulipi. Kikundi kikikosa rejesho moja, kitembelee wiki hiyo hiyo kwenye biashara yao. Ukisubiri yawe matatu utakuta fremu imefungwa.

Taarifa ya robo mwaka ianze na namba hizo tatu za ubaoni. Idadi ya mikutano itaje mwishoni, mstari mmoja.