Krismasi Orlando na watoto bila kumaliza hela yote ya boksi, hivi ndo tunavyopangaga

Kila ikifika mwezi wa 10 simu zinaanza, dada zangu na wadogo zangu wa huku Georgia na wengine wako Texas na Ohio, wote swali moja, ile safari ya Disney mliwezaje na watoto watatu na bibi yao juu, maana wao wakipiga hesabu inatoka hela ya kununulia kiwanja Kibaha. Sasa naandika yote hapa mara moja. Kosa letu wengi ni kudhani kwenda Orlando kule Florida maana yake kuingia parki za michezo za Disney kila siku, siku nne tano mfululizo, hapo lazima utoke umeumia. Sisi tunaingia siku moja tu. Hiyo siku moja tunaichagua kwa makini kweli kweli, halafu siku zilizobaki tunajaza na vitu vya bure au vya dola chache na nawaambia ukweli wanangu wanavisimulia hivyo vya bure kuliko hata parki yenyewe.

Anza na tarehe kabla hujaangalia kitu kingine chochote. Tiketi za Disney zina bei tofauti kila siku, ni kama nauli ya basi la Moshi mwezi wa 12, kadiri Krismasi inavyosogea ndo inavyopanda. Mwaka 2025 tiketi ya siku moja ya parki yao ya Magic Kingdom wiki ya Krismasi ilifika dola 199 kwa mtu mmoja na kodi bado. Halafu kuanzia tarehe 25 mpaka mwaka mpya ndo kuna watu wengi kuliko siku zote za mwaka, unalipa bei kubwa kabisa ili usimame kwenye foleni ndefu kabisa. Kwa hiyo shule ikifunga tarehe 18 au 19 nyie ondokeni usiku huo huo, mkae siku nne, mrudi tarehe 23 na Krismasi mnakula pilau lenu nyumbani kwenu. Wengine watoto wao wanachelewa kurudi shule Januari, hiyo nayo nafuu, ila angalieni kuna wikiendi ya marathoni ya Disney mwanzoni mwa Januari, hoteli zinajaa na barabara nyingine zinafungwa asubuhi, ikwepeni hiyo.

Mtoto chini ya miaka 3 anaingia bure. Kuanzia 3 mpaka 9 analipa tiketi ya mtoto ambayo imepungua kidogo tu, msitegemee nusu bei, na akifika 10 huyo ni mtu mzima kwa Disney. Kama wa mwisho anatimiza 3 mwezi wa 1 basi nendeni Desemba hii hii msingoje.

Sasa parki ipi. Ziko nne, Magic Kingdom yenye lile jengo la mfalme wanaloliona kwenye tivii, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Watoto watalilia Magic Kingdom, najua, wangu walilia. Mimi nasema Animal Kingdom na sibadilishi. Kwanza kwa kawaida ndo yenye tiketi ya bei ya chini kati ya zote nne. Pili unapaki gari na mlango uko pale pale, wakati Magic Kingdom ukishapaki bado upande treni yao ya juu au kivuko ndo ufike getini, na mtoto mdogo na mzee hiyo ni safari ndani ya safari. Tatu, na hii ndo kubwa kwangu, mle ndani kuna mji unaitwa Harambe.

Jamani Harambe. Wameijenga kama mji wa pwani ya kwetu, wabunifu walichukua sura ya Lamu, kuta zimebanduka chokaa, milango, vibaraza, mabango ya Kiswahili kila kona. Kuna bango limeandikwa Hoteli Burudika. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, akasimama katikati ya watu akalisoma kwa sauti, akasogea mbele akakuta pameandikwa Uhuru 1961 akanyamaza kabisa, yeye huo uhuru anaukumbuka kwa macho yake. Mwanangu wa miaka 7, huyu ambaye nyumbani namuongelesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, siku hiyo alianza kusoma mabango moja moja na kuwaeleza wazungu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni maana yake nini. Hiyo peke yake nilikuwa tayari kuilipia. Safari yenyewe inaitwa Kilimanjaro Safaris, mnapanda lori la wazi mnazungushwa eneo la kama ekari 110 kuna twiga, tembo, viboko, simba, vifaru, wanyama wa kweli, haina masharti ya urefu kwa hiyo mtoto wa miaka 2 na bibi wote wanapanda pamoja. Mibuyu mikubwa mtakayoiona baadhi ni ya kutengenezwa lakini huwezi kujua. Nendeni hapo kitu cha kwanza mlango ukifunguliwa, wanyama asubuhi wako macho na foleni bado fupi, ila mvae sweta, lori ni la wazi na Orlando mwezi wa 12 asubuhi inaweza kushuka mpaka nyuzi 10 wakati mchana inapanda 22, yaani mtavaa na kuvua. Mkishuka tu pale pembeni kuna njia ya kutembea kuangalia magorila, haina malipo ya ziada, msiipite.

Kwa wanaopenda michezo ya kupanda ya kutisha kuna Expedition Everest na ile ya kuruka ya Avatar, zote mtoto awe amefika inchi 44, mpimeni nyumbani kabisa ili asije akalia getini. Na kuna utaratibu wengi hawaujui unaitwa Rider Switch, bure, baba anapanga foleni na mkubwa mama anabaki na mdogo, wakitoka mama naye anaingia bila kupanga upya ile foleni ndefu, mnamwambia tu mfanyakazi wa pale mlangoni kabla hamjaingia. Ile huduma ya kulipia ili kukata foleni, Lightning Lane, kwa Animal Kingdom mkifika asubuhi mapema mimi naona haina haja, hiyo hela ni chakula cha siku mbili.

Tiketi nunueni kwenye tovuti ya Disney yenyewe au kwa wauzaji wanaotambulika kama Undercover Tourist. Tafadhali sana msinunue za mkononi, getini wanachukua alama ya kidole na tiketi iliyotumika nusu hairuhusiwi kuuzwa kwa mtu mwingine, utafika na watoto wako pale uambiwe hapana. Na yale madawati ya barabarani yenye bango la tiketi nusu bei, mwaka wa kwanza sisi tulisimama kwenye moja, tukapewa masharti ya kwenda kusikiliza maelezo ya dakika 90 ya kununua sehemu ya nyumba ya likizo, dakika 90 zikawa karibia masaa manne, watoto na njaa, mume wangu amekasirika, muuzaji mmoja akitoka anaingia mwingine. Asubuhi nzima ya likizo ilikwenda. Kama una siku moja tu ya parki usiiuze kwa punguzo la dola 60.

Hela yenyewe tunaiweka hivi. Kuanzia mwezi wa 2 kila mshahara ukiingia nanunua kadi ya zawadi ya Disney supamaketi, leo ya dola 25 kesho ya 50, nazitupia kwenye bahasha, ni kibubu tu ila hiki huwezi kukivunja ukanunulie kitu kingine. Wenye kadi ya duka la Target wanapata punguzo la asilimia 5, na Sam's Club mara nyingine zinakuwa zimepungua kidogo. Ukifika mwezi wa 10 tiketi unalipa na hizo kadi, huna deni la benki linalokungoja Januari. Ile ovataimu ya Thanksgiving naiacha kwa mafuta na nyumba.

Kulala msilale ndani ya Disney kama bajeti ni ndogo, tafuteni Kissimmee, mji wa jirani, kando ya barabara ya 192, au bora zaidi ungana na familia nyingine mchukue nyumba nzima yenye jiko. Tulivyoungana na shemeji tulikuwa watu kumi nyumba moja na kila familia ikalipa chini ya ambavyo ingelipa motel. Ila kabla ya kubuki fika mpaka ukurasa wa mwisho uone jumla, kuna ada ya usafi, kuna kodi ambayo inapita asilimia 12, na swimingi pul ya nyumba Desemba maji ni baridi, kuyapasha wanachaji pembeni kwa siku. Hoteli nazo uliza kama kupaki wanalipisha.

Kutoka Atlanta ni maili 440 hivi, I-75 moja kwa moja mpaka Wildwood halafu Turnpike. Tunatoka saa 10 alfajiri watoto wamelala, wakiamka tumeshapita nusu ya Georgia. Ukiwa na Peach Pass, kile kifaa cha Georgia cha kulipia barabara, inafanya kazi kwenye barabara za kulipia za Florida, usikodi kingine. Wanaotoka mbali na ndege wachunguze pia Sanford, uwanja mdogo kaskazini ya Orlando ambako Allegiant wanatua, lakini wapime mizigo nyumbani.

Chakula, hapa ndo familia nyingi zinavujia. Disney wanaruhusu kuingia na chakula chako, wengi hawaamini mpaka wanione na kapu langu. Kinachokatazwa ni chupa za glasi, pombe, na barafu ya kumwaga, kwa hiyo tumia zile pakiti za jeli. Mimi usiku napika chapati ishirini na kitu, nachemsha mayai, sambusa za nyama, ndizi, tufaha, na maandazi ya asubuhi kwenye gari. Maji msinunue hata chupa moja, nenda kwenye kaunta ya chakula inayouza soda za mashine uombe kikombe cha maji ya barafu, wanakupa bure na hawakuangalii vibaya. Animal Kingdom hawatoi mirija ya plastiki kwa ajili ya usalama wa wanyama, na maputo hayaruhusiwi, msimnunulie mtoto puto njiani mkaja kulinyang'anywa. Tunanunua kitu kimoja tu cha kula mle ndani, kila mtoto anachagua chake, na wanajua tangu nyumbani ni kimoja. Midoli pia, hela ya midoli kila mtoto ana yake mkononi tangu asubuhi ikiisha imeisha, hakuna kulia dukani.

Kupaki gari nako kunalipiwa, iwekeni kwenye bajeti. Fikeni nusu saa hadi dakika 45 kabla ya kufungua, na mkipaki gari mpige picha ya namba ya mstari. Mzee hata kama anatembea vizuri nyumbani, mchukulieni kiti cha magurudumu, mle ndani mtatembea maili nyingi. Mama yangu alikataa mpaka saa 5 asubuhi, saa 6 akakaa mwenyewe.

Siku ya pili ndo nawapeleka Blue Spring State Park, Orange City, kama saa moja kutoka Kissimmee foleni ikiwa nzuri. Kiingilio dola 6 kwa gari zima hata mkiwa nane. Kuanzia katikati ya Novemba mpaka Machi manatee wanaingia kwenye ile chemchemi kwa mamia kwa sababu maji yake ni nyuzi 22 mwaka mzima wakati mto nje umepoa. Hawa ni ndugu wa nguva wetu, mama yangu babu yake alikuwa mvuvi, nguva kasimuliwa maisha yake yote hajawahi kumwona, akaja kuona ndugu zake Florida, wakubwa kama ng'ombe, wamelala chini maji meupe unaona mpaka mchanga. Hakuna kuogelea wakiwepo, mnatembea kwenye daraja la mbao pembeni. Mfike kabla ya saa 2 asubuhi wanapofungua, maana gari zikijaa wanafunga geti na likizo huwa zinajaa kweli.

Jioni za bure ziko nyingi. Disney Springs, eneo lao la maduka na migahawa, kuingia bure na kupaki bure, miti ya Krismasi imepambwa mingi mingi watoto wanapiga picha mpaka wanachoka. Na mji wa Celebration, dakika chache kutoka barabara ya 192, kila usiku kuanzia mwisho wa Novemba mpaka tarehe 31 wanamwaga theluji ya povu la sabuni mtaani, kila saa kamili kuanzia saa 12 jioni. Njooni na nguo za kubadilisha mdogo, atalowa. Nenda mapema utafute pa kupaki.

Siku ya nne hatuendi popote, wanalala, wanaoga kwenye pul, mimi nafua na kupanga masanduku. Tarehe 23 saa 10 alfajiri gari linawaka, chapati zilizobaki ziko kiti cha nyuma, na jioni nakuwa jikoni kwangu naloweka mchele.