Somo: Kutambua PNG halisi ndani ya kivinjari kwa kusoma baiti zake

Wakuu, jina la faili si ushahidi. Mtu anachukua picha ya JPEG, anaiita pasi.png, na fomu yako inaipokea bila kuuliza. Hata `faili.type` (aina ya faili) kwa kawaida kivinjari huitoa kwenye herufi za mwisho za jina hilohilo. Ukweli umo kwenye baiti za mwanzo, na unaweza kuzisoma kabla mtumiaji hajachoma bando lake kutuma picha isiyofaa.

Hatua ya 1. Weka sehemu ya kuchagulia faili:

`<input type="file" id="picha">`

Hatua ya 2. Chini yake weka skripti hii:

```
const sehemu = document.getElementById("picha");
sehemu.addEventListener("change", async () => {
  const faili = sehemu.files[0];
  if (!faili || faili.size < 24) return;
  const baiti = await faili.slice(0, 24).arrayBuffer();
  const dv = new DataView(baiti);
  const saini = [137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10];
  if (!saini.every((n, i) => dv.getUint8(i) === n)) {
    alert("Hii si PNG");
    return;
  }
  alert(dv.getUint32(16) + " x " + dv.getUint32(20));
});
```

Tazameni `slice(0, 24)`. Tumekata baiti 24 tu, kwa hiyo picha iwe na MB 1 au 40, kumbukumbu ya simu haielemewi. Wengi huisoma faili nzima kwa kutafuta baiti chache, na simu ndogo ndizo zinazoumia.

Saini ya PNG, yaani baiti zake nane za mwanzo, naipenda sana, maana kila namba ina kazi. 80, 78 na 71 ni herufi P, N, G. 137 imezidi 127, mwisho wa ASCII (orodha ya namba za herufi za kawaida), hivyo njia ya usafirishaji inayopoteza biti ya nane inajulikana papo hapo. 13 na 10 ni alama za mwisho wa mstari: programu ikizigeuza kwa kudhani imebeba maandishi, saini inavunjika na uharibifu unaonekana.

Upana unaanza baiti ya 16, kimo baiti ya 20, kila kimoja baiti nne. Kuhesabu tunaanzia 0.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi nilitumia `faili.text()`. Mbona 137 imegeuka 65533?*

Kwa sababu `text()` inasoma kila kitu kama UTF-8, yaani maandishi. 137 ikisimama peke yake mwanzoni si herufi halali, hivyo inawekwa alama ya kushindwa, ambayo namba yake ni 65533. Baiti ya asili imeshapotea, huwezi kuirudisha. Data isiyo maandishi isome kwa `arrayBuffer()`.

*Nimejaribu BMP (aina nyingine ya faili la picha), upana nikausoma baiti ya 18. Picha ina pikseli 640, naletewa 2147614720!*

Mahali umepatia, ndugu yangu. Tatizo ni mpangilio wa baiti. PNG huanza na baiti kubwa (yenye uzito mkubwa kwenye namba), BMP huanza na ndogo: 640 imeandikwa 128, 2, 0, 0, yaani 128 + 2 × 256. Andika `dv.getInt32(18, true)`. Hiyo `true` ndiyo inayoiambia DataView ianze na baiti ndogo.

*Kwa hiyo kwenye seva niache kukagua?*

Hapana mkuu. Skripti iliyo kwenye kivinjari cha mtu, mwenyewe anaweza kuizima. Seva isome tena baiti zilezile nane za saini.