Katambuga za kuvalisha viatu vya tapu: tyubu ya baiskeli na kapeti bovu la gari vinatosha

Wazazi wenzangu wenye watoto wanaocheza tapu, hii ni yenu. Kama hujawahi kuiona, ni ile dansi ya Wamarekani ambayo mchezaji anavaa viatu vyenye vyuma chini, kimoja mbele usawa wa vidole na kingine kwenye kisigino, halafu miguu ndiyo inapiga ngoma. Binti yangu alianza akiwa na miaka saba hapa Minnesota, na mimi mtu wa Tanga sikuwa najua lolote kuhusu hivyo viatu zaidi ya kwamba mlio wake unanikumbusha mitawanda ya bibi, vile viatu vya mbao, akitoka msalani alfajiri, ko ko ko ko mpaka jikoni.

Kosa letu tulilifanya mapema na tulilifanya kwa miezi miwili. Mtoto anavaa viatu nyumbani kabisa ili tusichelewe, anashuka ngazi navyo, anavuka parkini navyo mpaka mlango wa studio. Sasa parkini za huku msimu wa baridi zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na changarawe juu yake, na vile vyuma vya tapu mara nyingi ni aluminiamu, yaani kitu laini, si chuma cha geti. Lami na zege vinakikwangua kama msasa. Siku moja ticha akamwambia avue aonyeshe chini, kingo zimekuwa kali utadhani bati lililokatwa, skrubu mbili zimeshika kutu na moja imechomoza, na ndiyo ilikuwa inachora mistari kwenye sakafu ya mbao ya darasa. Nilijisikia vibaya jamani. Sakafu ya apatimenti yetu nayo ilikuwa na mistari hiyo hiyo, tulipohama dipoziti ikarudi nusu.

Kuna vifuniko vya dukani, vya mpira wa kunyumbulika, unavalisha mbele na nyuma. Ni vizuri vikimkaa mtoto sawasawa. Vyetu vilikuwa vinachomoka hatua ya tano ya sita, kimoja kikazama kwenye theluji tukakiona mwezi wa nne. Ndipo nikakumbuka kwamba mimi nimetoka kwa watu wanaogeuza tairi kuwa kiatu, nikaamua kushona katambuga, ila safari hii katambuga haivaliwi na mguu, inavaliwa na kiatu.

Kabla hujakata chochote, pindua kiatu kwanza ukague vyuma, maana ukifunika chuma kibovu utakuwa umefunika tu aibu. Pitisha kidole taratibu kwenye ukingo, ukisikia pameumwa panakwaruza chukua tupa ndogo laini ulainishe, pole pole, si kwa hasira, unaondoa makali tu, hupunguzi chuma. Halafu bisibisi. Kichwa cha skrubu lazima kiwe kimezama, kisipite usawa wa chuma hata kidogo, kikipita ndicho kinachochora sakafu. Usizikaze zote mpaka mwisho bila kuuliza, kuna wachezaji wanaacha skrubu zilegee kidogo makusudi ili mlio upanuke, wengine wanataka mlio mkavu wa kukata, kwa hiyo muulize ticha anatakaje. Kama skrubu inazunguka tu haishiki, tundu limepanuka: itoe, tia kijiti cha kuchokolea meno chenye gundi ya mbao ndani ya tundu, kikate usawa, acha kikauke usiku mzima, rudisha skrubu. Itashika. Viatu vya bei rahisi vya watoto vyuma vyake wakati mwingine vimepigwa ribiti au gundi tu, hapo hakuna cha kukaza, vikilegea mpelekee fundi viatu.

Haya, vifaa. Tyubu ya baiskeli iliyotoboka, ile nene ya baiskeli za milimani ndiyo nzuri, mimi nilienda tu kwa fundi baiskeli nikaomba, wanazitupa, akanipa tatu bure akaniangalia kama mwendawazimu. Kapeti la mpira la gari lililochakaa, unene wa mm 4 au 5 hivi, lenye mistari au vinundu upande mmoja. Lastiki ya nguo ya upana wa sm 2.5. Uzi wa nailoni, sindano nene, gundi ya viatu, kipande cha fulana kuukuu. Na msharasi, ile sindano ya fundi viatu ya kutobolea, kama unao, mimi sikuwa nao nikatumia msumari uliochongwa makali na kipini cha mbao, umefanya kazi vile vile ila umenichoma kidole mara mbili.

Simamisha kiatu juu ya boksi ukichore kuzunguka, penseli iwe wima, usiilaze ndani. Halafu ongeza sm 1 kuzunguka kote, hiyo ni nafasi ya kushonea. Kata boksi, liweke juu ya kapeti, vinundu viwe upande wa chini yaani upande wa ardhi, chora, kata. Kulia na kushoto havilingani, kwa hiyo ukigeuza boksi kwa soli ya pili kumbuka vinundu vibaki chini, mimi nilipata soli mbili za mguu wa kulia na nikakaa chini nikacheka peke yangu.

Tyubu unaipasua kwa urefu ifunguke iwe utepe. Ndani ina unga mweupe, osha kwa sabuni mpaka uishe la sivyo gundi haishiki kabisa, ikauke, kisha pitisha msasa sehemu zitakazogusana na soli. Huu utepe ndio mkanda wa mbele, unapita juu ya vidole kama mkanda wa ndala za kuvalia bafuni zile pana. Urefu wake: chukua kamba, ipitishe juu ya kiatu sehemu pana zaidi kutoka chini upande huu mpaka chini upande wa pili, pima. Ongeza sm 1 kila upande za kushonea, halafu toa sm 2 ili mpira ubane. Maana yake unarudi kwenye urefu ule ule wa kamba, kwa hiyo kata hivyo hivyo usijichoshe na hesabu. Ncha za mkanda zinakunjwa kwenda NJE, zinalala juu ya ile sm 1 uliyoongeza, si kwenda ndani chini ya kiatu, ukizipeleka ndani chuma kitakaa juu ya hizo ncha na kiatu kitayumba.

Mkanda peke yake hautoshi kwa sababu kiatu kitateleza mbele kitoke kama mguu unavyopitiliza kwenye ndala. Kata kipande kingine chembamba cha tyubu, upana wa sm 3 hivi, kitoke kwenye ncha ya soli kipande juu ya pua ya kiatu mpaka kikutane na mkanda, hapo ndipo kiatu kinagonga kinasimama. Nyuma weka lastiki: inaanzia pembeni ya soli usawa wa mbele kidogo ya kisigino, inazunguka nyuma ya kiatu, inarudi upande wa pili. Iwe fupi kiasi cha kuivuta kwa nguvu kidogo kuivalisha. Ikiwa legelege hata kidogo, mtoto akipanda ngazi kisigino kitachomoka soli ibaki inaning'inia, na hiyo ni hatari kuliko kutembea na vyuma vitupu.

Kushona. Gundi kwanza: paka pande zote mbili, subiri dakika 10 mpaka 15 ikauke ibaki inanata kidogo tu ukigusa, ndiyo ubandike, na fungua dirisha hata kama nje ni baridi maana ile harufu inazungusha kichwa. Ukishabandika hakuna kusogeza tena. Baada ya hapo toboa matundu, mm 5 kutoka ukingoni na yapishane kama mm 7, ukiyasogeza karibu sana mpira utachanika kwenye mstari kama stempu. Sasa kitu ambacho nilijifunza kwa kuharibu: uzi unaotokeza chini ndio unaokanyagwa, wiki mbili umekatika. Mafundi viatu wanachimba mfereji mdogo kwenye soli kwa kisu halafu uzi unazama humo, ukiangalia viatu vizuri vya ngozi utauona. Fanya hivyo, mfereji wa kina cha mm 1 au 2 tu, au kama kapeti lako lina mistari panga matundu yaangukie kwenye mistari. Shona mshono wa kurudi nyuma, funga fundo juu si chini.

Mwisho kata miduara miwili ya ile fulana kuukuu, mmoja wa chini ya chuma cha mbele mmoja wa chini ya kisigino, uibandike ndani ya soli. Hii si urembo. Mchanga ukiingia kati ya mpira na chuma unakuwa msasa kabisa na utakuwa umetengeneza mashine ya kuharibu kile ulichotaka kukilinda. Kitambaa kinapokea ule mchanga, na wewe unakung'uta kila wakivua. Katambuga ya kwanza ilinichukua jioni nzima na ya pili saa moja.

Jaribio: mvalishe mtoto, atembee, apande ngazi ashuke, arudi kinyumenyume, na umvute kiatu kwa mkono kwa nyuma. Kisitoke. Kama ncha ya mbele inapigapiga sakafu, soli ni ndefu, punguza ule ukingo wa mbele kidogo tu, usiufikie mshono.

Na sasa sikilizeni vizuri hapa, hasa nyie ambao watoto wenu hawakai chini. KATAMBUGA NI ZA KUTEMBEA, SI ZA KUCHEZA. Najua utashawishika, jirani wa chini anagonga dari kwa fagio, unasema basi acha afanyie mazoezi na mpira kelele zipungue. Hapana. Nusu ya hatua za tapu ni kupangusa, mguu unafagia sakafu unaenda na kurudi, chuma kinateleza lakini mpira unanasa, ukinasa mguu umesimama na mwili unaendelea, hapo ni kifundo cha mguu au goti. Akitaka kukariri hatua kimya kimya avae soksi kwenye zulia apitie pole pole. Na soksi juu ya kiatu cha tapu, ile mbinu watu wanapeana, inalinda sakafu kweli lakini kwenye ngazi au tailizi ni kuteleza tu, sitaki hata kuisikia.

Mazoezi ya nyumbani yanataka ubao. Plaiwudi ya mm 18, sm 90 kwa 90 inamtosha mtoto, chini yake weka yale magodoro ya mchezo yanayoungana kama fumbo, ukingo piga msasa. Zege hapana, hata kama umefunika kwa tailizi nzuri, zege halirudishi kitu, kila pigo linapanda kwenye muundi wa mtoto na vyuma vinaisha. Mbao inabonyea kidogo na ndiyo inaimba. Na mbao ndiyo asili ya mambo haya: kwenye majimbo ya kusini ya Marekani, sheria ya South Carolina ya mwaka 1740 iliwakataza watumwa ngoma baada ya uasi wa 1739, watu wakabaki na mikono na miguu yao, huko mbele wakachanganyika na dansi za Waayalandi, na viatu vya mwanzo vilikuwa na soli za mbao. Bill Robinson, yule mchezaji tapu maarufu ambaye siku yake ya kuzaliwa, tarehe 25 Mei, imekuwa siku ya tapu Marekani tangu 1989, alijulikana kwa kuchezea soli za mbao hata wenzake walipohamia kwenye vyuma. Nilipomwambia binti yangu akaniuliza kwa hiyo bibi alikuwa anacheza tapu? Nikamwambia alikuwa anawahi chai.

Usafi ni mdogo. Msimu wa chumvi suuza katambuga kwa maji ya bomba ukifika nyumbani, kausha kwa hewa si juu ya hita, tyubu ikipata joto sana inakakamaa inapasuka. Vyuma vyenyewe pangusa kwa kitambaa kikavu, na usiviache viatu vilale ndani ya katambuga zenye maji, skrubu zitashika kutu upya. Lastiki inachoka kabla ya kitu kingine chochote, sisi tumebadilisha mara mbili. Nimetia alama ya rangi ya kucha nyekundu kwenye ya kushoto maana asubuhi alikuwa anazigeuza. Miguu ikikua, mikanda fumua uitumie tena kama bado inavutika, kinachokatwa upya ni soli tu, na lile kapeti la gari bado nimebakiwa na robo tatu yake.